Nibakizie

"Nibakizie! We, nibakizie!"

Nilikuwa nimepeleka risiti za unga wa uji shuleni kwetu, hapa Busia ya Uganda, mpakani na Kenya. Ilikuwa saa nne na nusu. Rimu ya lori inayoning'inia kwenye mwembe, ambayo ndiyo kengele yetu, ilikuwa imeshagongwa, na watoto walikuwa wamejipanga nyuma ya jiko, kila mmoja na kikombe chake cha plastiki. Mwalimu wa zamu alisimama kando ya sufuria, daftari mkononi. Mtoto anataja jina, kidole cha mwalimu kinashuka kwenye orodha, jina likionekana mpishi anachota. Lisipoonekana, mtoto anatoka mstarini bila kuambiwa neno. Waliotoka siku ile walikuwa wachache mno. Asiyelipiwa mchango wa uji haji hata kupanga mstari. Anajijua.

Sauti za "nibakizie" zilitoka kwingine, upande wa vyoo vya wavulana. Huko wenye vikombe walikuwa wakinywa huku wasio na vikombe wamewazunguka. Kijana mmoja wa darasa la tatu, sweta limeisha viwiko, alitembea bega kwa bega na mwenzake, macho kwenye kikombe. Vikombe hivi vya bei rahisi vina mstari ulioinuka katikati. Mwenzake akapiga funda, akapiga la pili. "Umefika mstari!" kijana akasema. Mwenye kikombe akakiinua juani kuhakikisha, akanywa tena kidogo, ndipo akakitoa.

Kijana akamaliza, akakomba kwa kidole, akaenda bombani kukiosha, akamrudishia mwenyewe kikiwa kinameta.

"Hao wana biashara yao," mpishi akaniambia, macho yake yakiwa kwenye mwiko. "Usidhani ni cha bure, mama."

Penseli

Binti yangu yuko darasa la nne. Wiki ileile, nikimchongea penseli usiku, nilikuta tatu kwenye mkoba wake ambazo sikuzinunua mimi. Moja ilikuwa imetafunwa kichwa hadi risasi inaonekana.

"Hizi za nani?"

"Zangu."

"Nani kakupa?"

"Nilimbakizia."

Alisema hivyo kama mtu anayetaja bei ya nyanya. Nikakaa chini, nikamuuliza taratibu, naye akanieleza bila wasiwasi wowote. Nusu kikombe ni penseli, au ni kubebewa mkoba hadi njia panda. Yale mabonge ya chini ni kuoshewa kikombe. Siku ambayo uji umeungua na mwenye kikombe hautaki kabisa, anautoa wote kwa hesabu za kazi ya nyumbani. Kuna msichana darasani kwao ambaye tangu muhula uanze hajawahi kushika ufagio zamu yake ikifika. Anaye mtu wa kumfagilia.

"Mama, yeye mwenyewe ndiye anataka."

Nilimwambia kesho azirudishe penseli zote. Akaniuliza swali moja tu.

"Na kesho nimnyime?"

Swali hilo ndilo limenikalisha macho majuma yote haya. Nikimwambia abakize bure, atabakiza kwa mmoja, na mstari wa wanaosubiri pale vyooni ni mrefu. Nikimwambia anywe peke yake, nitakuwa nimemwondolea yule mwingine hata hiyo nusu. Nikinyamaza, nalea bosi wa miaka tisa.

Nimekaa kwenye kamati ya shule muda wa kutosha kujua hoja zote za uji. Njaa tunaijadili kila kikao. Mahudhurio tunayajadili, alama za mtihani wa la saba tunazijadili hadi mate yanatukauka. Hakuna hata siku moja tuliyojadili ile orodha inawafanya watoto wawe nini wao kwa wao. Aliyelipiwa na wazazi wake mchango wa uji wa muhula, elfu kumi na tatu, haondoki jikoni na uji peke yake. Anaondoka na mamlaka. Mwenzake, ambaye kosa lake ni kuzaliwa na mbeba mizigo wa mpakani, anajifunza mapema namna ya kumtumikia.

Hesabu ya mezani

Wasomaji wa Uganda wanajua hali ilivyo, kwa hiyo nitapita haraka. Elimu ya msingi kwa wote ilianza 1997 na ada ikafutwa. Sheria ya Elimu ya 2008 ikasema wazi kwamba chakula cha mtoto, pamoja na mavazi, malazi na matibabu, ni jukumu la mzazi. Serikali inaleta ruzuku, shilingi elfu ishirini kwa mtoto kwa mwaka mzima, na hiyo ni ya chaki, madaftari ya mahudhurio, michezo, uendeshaji, kila kitu.

Sasa chukua kalamu. Kikombe kimoja cha uji kinataka gramu hamsini hivi za unga wa mahindi. Unga ukiwa elfu mbili na mia tano kwa kilo, hiyo ni shilingi 125. Sukari gramu kumi, weka 45. Kuni na posho ya mpishi, weka 30. Inakuja 200 kwa kikombe. Muhula una siku za masomo kama 65. Zidisha, unapata elfu kumi na tatu. Mihula mitatu, elfu thelathini na tisa.

Kwa hiyo kikombe kimoja cha uji kwa siku, ule mweupe usio na maziwa wala karanga, kinagharimu karibu mara mbili ya fedha ambayo serikali inatoa kwa ajili ya masomo yote ya mtoto huyo.

Nilipoiona hesabu hiyo kwenye karatasi yangu mwenyewe, hasira niliyokuwa nayo kwa mwalimu mkuu ilipoa. Hana pa kuchota. Sheria inamzuia kumfukuza mtoto kwa sababu mzazi hakutoa mchango, na ni vizuri inamzuia. Lakini haimkatazi kumnyima uji. Daftari la mwalimu wa zamu limezaliwa kwenye pengo hilo.

Mzee wa magunia

Kwenye kamati yetu kuna mzee mmoja, zamani alikuwa akinunua mahindi vijijini na kuyavusha Kenya kwa malori. Watu humwogopa kidogo. Nilipoleta habari ya penseli kikaoni, wengine walicheka, mmoja akasema hata sisi tulikuwa tunabadilishana mihogo kwa kunakili. Mzee hakucheka.

"Mwanangu, uliyoyasema ni kweli," alisema. "Sasa niambie. Uji ukiwa wa wote, wewe utalipa?"

Nikasema nitalipa.

"Wewe, ndiyo. Jirani yako?"

Nikanyamaza, kwa sababu jirani yangu namjua.

Hoja yake ni ngumu, na sipendi watu wanaoipuuza kama roho mbaya. Watoto karibu mia saba. Wanaolipiwa hawafiki nusu. Ukiondoa orodha, hawa wanaolipa leo wataona wenzao wanakunywa bure, na muhula ujao nusu yao hawatalipa. Muhula unaofuata sufuria itakuwa imegeuzwa kifudifudi, na yule kijana wa sweta lililoisha viwiko hatapata hata ile nusu ya kuanzia kwenye mstari. Kwa maneno ya mzee, orodha ndiyo inayoshikilia sufuria jikoni.

Mwanamke mmoja akapendekeza tuwatafute walio maskini kweli, tuwape bure, wengine walipe. Kila mtu akatikisa kichwa kukubali, hadi mwalimu mkuu alipouliza nani ataandika majina hayo, na yatasomwa wapi. Hapo mkutano ukapoa. Hapa Busia tunajuana. Ukimwandika mtu kuwa maskini asubuhi, jioni habari imeshafika soko lote. Wapo akina mama ambao wangeona heri mtoto ashinde na njaa kuliko jina lao kuwa kwenye karatasi hiyo, na siwezi kuwalaumu. Na wapo wenye nyumba za kupangisha ambao wangekuja mbio na viatu vilivyotoboka kuandikishwa.

Kwa hiyo orodha ya waliolipa inaumiza, na orodha ya wasioweza kulipa inaumiza zaidi.

Ng'ambo

Shule yetu iko karibu na mpaka kiasi kwamba upepo ukivuma vizuri tunasikia kengele za shule za Kenya. Watoto wanavuka kila siku, wa huku kwenda kule na wa kule kuja huku. Mjomba wangu alisoma upande wa Kenya miaka ya themanini na hadi leo ukitaka kumfurahisha mtajie Maziwa ya Nyayo, yale ambayo serikali ya Moi ilianza kuyagawa mashuleni 1979, kwenye zile pakiti za pembetatu. Anasema kitu asichokisahau ni kwamba mtoto wa chifu na yeye, mtoto wa kibarua kutoka Uganda, walipewa pakiti sawasawa, na hakuna aliyeuliza jina.

Lakini maziwa yale yalikwisha. Nayo ni sehemu ya habari, ingawa mjomba huwa haifiki.

Kuna jambo jingine lililotokea ng'ambo hiyohiyo, na lilinifanya nisite zaidi kuliko mzee wa magunia. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, watafiti wawili, Christel Vermeersch na Michael Kremer (huyu alikuja kuwa mmoja wa washindi wa Nobeli ya uchumi 2019), walifuatilia shule 50 za chekechea katika wilaya za Busia na Teso za Kenya. Kwenye shule 25 watoto wote walipewa uji wa asubuhi bure. Kwenye 25 nyingine mambo yakaachwa yalivyo. Palipokuwa na uji, mahudhurio yalizidi kwa asilimia 30.

Ukiishia hapo, unapiga makofi. Ukiendelea kusoma, unaanza kukuna kichwa. Alama zilipanda, lakini pale tu ambapo mwalimu alikuwa na uzoefu. Kupika na kugawa kulikula muda wa kufundisha. Madarasa yalifurika. Walimu waliendelea kukosekana kama zamani, karibu siku tatu katika kila kumi. Shule zenye uji zikapandisha ada, na za jirani zisizo na uji zikashusha zao ili zisikimbiwe.

Kila kitu humo nakijua kwa macho. Najua kwamba siku ya uji, kipindi cha baada ya mapumziko kinaanza nusu saa baadaye. Najua kwamba tukifungua sufuria kwa wote, hata mwezi hautaisha kabla hatujapokea watoto kutoka shule ya jirani, ambayo mwalimu wake mkuu ni rafiki yangu, na wengine kutoka Kenya. Nani atawafundisha? Darasa la kwanza lina mwalimu mmoja na watoto wanaokaa hadi kwenye kizingiti.

Nilikaa na hilo muda mrefu. Mwishowe nilichoona ni hiki: utafiti ule unaonionya nisitarajie uji ufundishe hesabu ndio huohuo unaoniambia watoto walikuja. Mimi sijawahi kuomba uji ufundishe hesabu. Tangu shule zilipofungwa kwa korona Machi 2020 na kufunguliwa kikamilifu Januari 2022, mji huu una watoto ambao hawajarudi darasani hadi leo. Wengine wako kwenye mashimo ya dhahabu ya Tiira, wengine wanapitisha jeri za mafuta kwenye njia za panya. Mwalimu mwenye uzoefu hawezi kumfundisha mtoto aliye shimoni.

Anayeuza mandazi

Langoni kuna mama anayeuza mandazi. Mia mbili moja. Nilikwenda kumsikia yeye pia, maana hakuna anayejua tumbo la shule kumshinda.

"Uji ukiwa wa wote, mimi nile nini?" aliniuliza, nusu utani.

Ana watoto wawili hapo shuleni. Wote hawajalipiwa. Asubuhi anawauzia mandazi watoto wa wengine, na saa nne na nusu wa kwake wanasimama vyooni wakisema nibakizie. Nikamuuliza kwa nini asiwape mandazi. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini asile mbegu.

Halafu akasema kitu ambacho kamati nzima yenye wasomi wake haikuwa imekiona. "Elfu kumi na tatu sijawahi kuishika ikalala. Mia mbili naishika kila siku. Kwa nini hamchukui mia mbili?"

Sisi tunadai mchango wote wiki mbili za kwanza za muhula. Muhula wa kwanza unaanza Februari. Fikiria Februari ya mtu wa hapa. Mahindi ya mavuno ya Desemba yameshauzwa Januari kununua sare na madaftari. Mvua za Machi hazijaja. Mavuno mengine ni Julai. Yaani tunadai pesa nyingi kwa mkupuo mmoja katika mwezi ambao mkulima hana pesa wala punje, na Julai, mahindi yakiwa yamejaa hadi panya wananenepa, hatudai chochote kwa sababu muhula uko katikati na daftari limefungwa.

Mwalimu mkuu alipinga habari ya mia mbili za kila siku. Nani atakusanya sarafu za watoto mia saba? Zitapotea, zitaibwa, mwalimu wa darasa atageuka kondakta wa taksi. Hapo nakubaliana naye. Jijini Nairobi, tangu 2023, kwenye ule mpango wa Dishi na County, mzazi analipa shilingi tano za Kenya kwa chakula cha mchana, kaunti na washirika wake wanabeba kilichobaki, na mtoto anagusisha bangili ya mkononi kwenye kifaa. Fedha imeingizwa kwa simu. Kwenye foleni bangili zote zinafanana. Nilipoisoma habari hiyo nilipenda bangili kuliko chakula chenyewe, kwa sababu orodha ipo, lakini imefichwa pasipo macho ya watoto. Ila sisi hatuna kaunti ya kubeba kilichobaki, na umeme wetu unakuja unapotaka.

La saba kwanza

Nitasema hili kwa kifupi kwa sababu linanikera. Muhula wowote ambao unga umepungua, wa kwanza kukatwa ni wadogo, na wa mwisho ni darasa la saba. Wanaitwa watahiniwa. Wana uji wao, wakati mwingine na posho, yaani ugali, na maharage ya mchana, kwa sababu matokeo yao ndiyo yanayobandikwa ukutani na kusomwa redioni. Mtoto wa darasa la kwanza, aliyeamka saa kumi na moja na kutembea na umande, hana mtihani wa kitaifa, kwa hiyo njaa yake haina alama.

Na wengi wa wale wadogo hawatafika la saba. Tunamlisha aliyebaki.

Unga gani

Kilichonitia hofu nyingine ni unga wenyewe. Ukitaka fedha ileile ilishe watoto mara mbili, kuna njia tatu: uongeze maji, uondoe sukari, au ununue unga wa bei ya chini. Ya tatu ndiyo inayovutia, na hapa mpakani tuna sababu ya kuiogopa. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu, ile sumu ya ukungu wa nafaka. Malori yalijipanga hapa Busia, na zuio likalegezwa baada ya siku chache kwa masharti. Swali ambalo hakuna aliyelijibu hadharani ni kwamba gunia likikataliwa mpakani linarudi kuliwa na nani. Huko Karamoja 2019 watu walikufa baada ya kula unga wa msaada uliochafuka, na huo ulikuja kwenye mifuko mizuri yenye maandishi. Sembuse wetu wa dukani.

Kamati ikabishana juu ya sukari karibu saa nzima. Wanaume walitaka ibaki ("watoto watakataa"), akina mama tukasema itoke. Ikatoka. Watoto hawakukataa.

Mimi nilitaka tuweke wimbi (ulezi) na soya kidogo. Katika kambi za wakimbizi wa ndani huko kaskazini, kati ya 2005 na 2007, chakula kilichoongezwa virutubisho kilipunguza upungufu wa damu kwa wasichana wa miaka 10 hadi 13, wale waliokula shuleni na hata wale waliopewa kikavu cha kupeleka nyumbani. Uji wetu wa mahindi meupe hauwezi kudai sifa hiyo. Unajaza tumbo hadi saa saba, basi. Wimbi lilikuwa ghali. Tukaendelea na mweupe.

Muhula wa pili

Tulifikia suluhu ya katikati, ambayo haikumfurahisha mtu. Darasa la kwanza hadi la tatu wote wanakunywa, bila daftari. La nne kwenda juu, orodha inabaki, ila inasomwa darasani asubuhi na mwalimu wa darasa, jikoni haionekani. Mchango unaweza kuletwa kwa mafungu, au kwa debe la mahindi baada ya mavuno.

Kwa wadogo, kelele za vyooni ziliisha wiki ya kwanza. Mpishi aliniambia kwamba siku ya kwanza baadhi yao walikuja mstarini wakasimama mbali kidogo na sufuria, wakisubiri kuambiwa watoke. Ilibidi awavute kwa mkono.

Halafu likatokea ambalo hakuna aliyelitabiri. Wadogo wakaanza kuwabakizia wakubwa. Mtoto wa la pili anakunywa hadi mstari, kisha anazunguka nyuma ya darasa la tano ambako kaka yake anasubiri. Wengine wanarudi mstarini mara ya pili na kikombe kikavu kilichopanguswa kwa sketi. Mpishi anawajua wote, na anachota. Nilipomuuliza alisema macho yake siku hizi hayaoni vizuri kwa ajili ya moshi.

Hiyo biashara mpya haina penseli. Ni ndugu kwa ndugu. Lakini mdogo anarudi darasani na nusu tumbo, kwa hiyo bado tunamlisha nusu mtu.

Mzee naye alipata ushahidi wake. Baadhi ya wazazi wa madarasa ya chini waliokuwa wakilipa waliacha mara moja. Mmoja anajenga vyumba vya kupangisha karibu na barabara kuu, nikampita akisimamia fundi, akanisalimia kwa furaha kabisa. Unga uliisha kabla ya mitihani, na siku za mwisho za muhula sufuria haikuwekwa motoni.

Upande wa pili wa mizani, Julai madebe yalikuja. Yalikuja mengi kuliko fedha ya Februari ilivyowahi kuja, kutoka kwa watu ambao hawakuwahi kuwa kwenye daftari. Mama wa mandazi alileta nusu debe, jambo ambalo halikuwa kwenye kanuni zetu, tukalipokea. Ugomvi ukawa mwingine: debe la mtu na debe la mtu si sawa. Kuna debe lililobonyea chini, kuna linalojazwa kwa kilima na linalokatwa kwa ubao. Tukamaliza kikao kizima tukipima madebe ya watu.

Ningependa kusema kwamba binti yangu ameacha. Yuko la nne, orodha ya darasani kwake bado ipo. Penseli alizirudisha. Siku hizi, anasema, anabakiza kwa zamu, Jumatatu huyu, Jumanne yule, na hapokei kitu. Sijui kama ni kweli, na sijafungua mkoba kuhakikisha.

Msimamo wangu ni kwamba uji wa asubuhi uwe wa shule nzima, ulipiwe kutoka kwenye bajeti ya taifa, na mchango wa wazazi uwe wa kuni na mpishi. Jukumu la mzazi lililoandikwa 2008 liliandikwa kana kwamba wazazi wote wanapata mshahara mwisho wa mwezi. Kwenye mkutano wa bajeti wa wilaya nitasimama na ile karatasi yangu ya shilingi 200, na nitaomba wanionyeshe ni mstari gani wa matumizi yao unaoshinda huo kwa faida. Najua watakachonijibu. Nitasimama hivyohivyo.

Wakati huohuo muhula ujao unahitaji unga, na hapo ndipo tulipokwama. Mzee wa magunia ameahidi magunia mawili ya mahindi makavu, yaliyopimwa unyevu, kwa ajili ya madarasa ya chini. Ana sharti moja. Anataka jina lake lisomwe mbele ya wazazi wote, na la kila aliyeleta, debe kwa debe, na walio na nyumba za kupangisha wasikie.

Nusu ya kamati inasema hilo ndilo litakaloleta magunia mengine. Nusu inasema tumetoa daftari jikoni kwa watoto tukalipeleka uwanjani kwa wazazi. Kikao ni Jumamosi. Mimi bado sijajua nitapiga kura wapi, lakini magunia nimeshatafuta pikipiki ya kuyachukua.